King'ora cha moshi kinalia "pii" kila dakika: hesabu milio kabla ya kupanda ngazi

Familia nyingi zinazohamia Marekani, Kanada au Uingereza hukutana huko kwa mara ya kwanza na kidude cheupe cha mviringo kilichobandikwa darini. Nyumba nyingi tulizokulia Bukavu, Kigoma au Mombasa hazikuwa nacho, kwa hiyo hakuna aliyetufundisha kinasema nini kinapolia. Halafu usiku mmoja, watoto wamelala, kinaanza: pii. Kimya. Unadhani kimeacha. Baada ya dakika moja: pii tena.

Tiba zinazopendwa ni mbili. Wapo wanaokibandua na kukitupa kwenye droo, na wapo wanaokivika mfuko wa plastiki. Zote mbili zinaondoa kelele na kuiacha nyumba wazi kwa moto. NFPA, shirika la Marekani linaloandaa kanuni za kujikinga na moto, limeeleza kwa miaka mingi kwamba karibu vifo vitatu kati ya vitano vya moto wa majumbani hutokea katika nyumba zisizo na king'ora au zenye king'ora kisichofanya kazi. Na king'ora kinaposhindwa kufanya kazi, sababu inayoongoza ni nguvu yake ya umeme: betri imetolewa, betri imekufa, au waya umechomolewa. Aliyetoa betri ili apate usingizi yumo kwenye hesabu hiyo.

Shida yenyewe kwa kawaida ni ndogo, ila watu huanza na mikono kabla ya masikio.

Kinalia namna gani?

Simama, sikiliza kwa dakika mbili hivi, uhesabu.

Kikilia kwa nguvu mara tatu, kikapumzika kidogo, kikarudia tatu, kimenusa moshi. Achana na mambo ya betri. Toa watu, funga milango nyuma yako, na upige simu ukiwa nje: 911 kwa Marekani na Kanada, 999 kwa Uingereza, 112 kwa nchi za Umoja wa Ulaya. Ving'ora vya zamani, na baadhi ya vinavyouzwa Ulaya, havina mpangilio huo wa tatu-tatu, vinalia mfululizo. Maana ni ileile.

Kikilia mara nne upesi-upesi, kikanyamaza sekunde kama tano, kikarudia nne, hiyo ni kaboni monoksidi. Hewa hii haina rangi wala harufu, na hutokana na chochote kinachowaka bila kupata hewa ya kutosha: mtambo wa gesi wa kupasha nyumba joto, gari lililoachwa likinguruma gereji, jenereta, jiko la mkaa. Kwenye jiko la mkaa nikae kidogo, maana sisi ndio wenyewe. Nyumbani jiko lilikaa uani au barazani, au kwenye jiko la nje lenye upenyo juu ya ukuta, na upepo ukafanya kazi yake. Hata hivyo kila msimu wa baridi tunasikia habari za watu waliolala na jiko chumbani wasiamke. Nyumba ya nchi za baridi imezibwa kila tundu ili joto lisitoke, na hiyo gesi nayo haina pa kutokea. Februari 2021 umeme ulipokatika Texas katikati ya baridi kali, watu walikufa na wengine wengi kukimbizwa hospitali kwa kaboni monoksidi, baada ya kuwasha majiko ya mkaa, jenereta na magari ili wapate joto. Ukisikia nne-nne, na hasa kama watu wa nyumba nzima wanaumwa kichwa, wana kizunguzungu na kichefuchefu kwa wakati mmoja, tokeni nje kwanza, kisha mpige namba zilezile. Wazima moto wanakuja na kipimo cha hewa, wewe huna.

Kikitoa "pii" moja fupi kila baada ya sekunde 30 hadi 60, hakuna moto. Kifaa chenyewe ndicho kinacholalamika, na mara nyingi ni betri.

Kikitoa pii mbili, tatu au tano fupi kwa mkupuo, kisha kimya cha karibu dakika nzima, kwa kawaida ama kina hitilafu ndani ama kimefikia mwisho wa umri wake. Hapa watengenezaji hawakukubaliana, kila mmoja ana hesabu yake, kwa hiyo kigeuze usome maandishi ya mgongoni. Karibu vyote vina jedwali dogo linaloeleza mlio upi una maana gani. Piga picha ya mgongo huo kwa simu siku yoyote uliyo na utulivu, ili usiku usilazimike kusoma herufi ndogondogo ukiwa juu ya ngazi.

Ni kipi kinacholia?

Swali hili linaonekana la kitoto mpaka likupate. Sauti nyembamba na fupi kiasi hicho ni ngumu kwa masikio kujua inatoka wapi, tena kwenye korido yenye kuta tupu inarukaruka. Ndiyo maana mtu hubadilisha betri ya king'ora cha sebuleni na mlio ukaendelea palepale: kilichokuwa kinalia ni cha chumbani.

Simama chini ya kila king'ora mpaka kipite kipindi kizima cha mlio. Vingi hupepesa taa nyekundu sambamba na sauti. Mkiwa wengi, kila mtu aingie chumba chake, mlango ufungwe, na atakayesikia sauti kubwa ndiye mwenye jibu. Ukiwa peke yako, iache simu ikirekodi chumba kimoja wakati wewe uko kingine, halafu linganisha.

Na usitazame dari tu. Kuna vitambua kaboni monoksidi vinavyochomekwa kwenye soketi karibu na sakafu, nyuma ya kochi, na vyenyewe vina betri. Kuna king'ora cha chumba cha chini ambacho mnakiingia mara mbili kwa mwaka. Na kuna kile cha zamani mlichokificha kabatini mwaka juzi: kama betri ilibaki ndani, nacho kinadai haki yake.

Kwa nini kinaanza saa nane za usiku?

Watu huapa kwamba kifaa hiki kina kinyongo. Sababu ni ya kikemia. Betri inapokaribia kuisha, baridi huipunguzia zaidi uwezo wa kutoa umeme, na nyumba hufikia baridi yake kubwa kati ya usiku wa manane na alfajiri. Volti zikishuka chini ya kiwango ambacho king'ora kimewekewa, kinalia. Jua likitoka na mitambo ya joto ikiwaka, volti zinapanda tena kidogo, kinanyamaza. Basi kikinyamaza asubuhi usiseme kimepona. Usiku ujao kitaanza upya, na siku moja betri itakwisha kabisa na hutasikia hata hiyo pii.

Kabla hujanunua betri, fungua kifuniko uone kinakula nini. Vingine vinatumia betri moja ya mraba ya volti 9, vingine mbili au tatu za AA. Vipya vingi vina betri ya lithiamu iliyofungiwa ndani ya kifaa, ya kudumu miaka 10. Hiyo haibadilishwi, ikiisha unabadilisha kifaa kizima. Majimbo kama California na New York yalishapitisha sheria kwamba ving'ora vya betri tupu vinavyouzwa huko viwe vya aina hiyo.

Nunua alkalaini au lithiamu, ile iliyotajwa kwenye kibandiko cha ndani. Zile za bei chee zisizo na jina zinaisha upesi. Za kuchaji usiziweke kabisa: huishiwa nguvu ghafla, na king'ora kinaweza kuzima bila kukupa onyo hata siku moja.

Kazi yenyewe: tumia ngazi imara, si kile kiti cha ofisi chenye magurudumu. Shika king'ora, kizungushe kinyume na mwendo wa saa, kitabanduka kwenye bamba lake. Toa betri ya zamani. Sasa, kabla ya kuweka mpya, bonyeza kitufe cha TEST ukishikilie sekunde 15 hadi 20. Kinaweza kulia kidogo kisha kikafifia. Ndivyo kinavyomaliza umeme uliobaki ndani yake. Hatua hii watu wengi wanairuka, halafu wanashangaa. Futa vishikio vya betri kwa kitambaa kikavu, weka betri mpya mpaka uisikie ikikaa, rudisha kifaa, bonyeza TEST mpaka kilie kwa nguvu. Ukimaliza hicho, badilisha na vingine vyote siku hiyohiyo, maana viliwekwa pamoja na vitachoka pamoja.

Betri ya volti 9 uliyoitoa usiitie mfukoni au kwenye droo ya funguo na sarafu. Ncha zake mbili zimekaa upande mmoja, na kipande chochote cha chuma kikizigusa kwa pamoja, betri hupata moto. Imewahi kuunguza nyumba. Zifunike kwa solotepu kabla ya kuitupa.

Betri ni mpya, bado kinalia

Hapa ndipo simu nyingi hupigwa kwa fundi, na mara nyingi hapakuwa na haja.

Angalia kwanza kama uliruka ile hatua ya kubonyeza TEST bila betri. King'ora hukumbuka onyo la zamani kwa sababu ya umeme kidogo uliobaki ndani, na baadhi huendelea kulia mpaka kumbukumbu hiyo ifutwe. Rudia.

Angalia kama betri imekaa sawasawa. Kwenye mifuniko mingine, kidroo kisipofungwa mpaka mwisho betri haishiki vizuri. Kwenye vifaa vipya kuna kipande cha plastiki cha kuvuta kabla ya kutumia, na watu hukiacha. Betri za AA zikiwekwa moja kichwa chini, ni yaleyale.

Huenda pia betri "mpya" si mpya. Ilikaa dukani miaka, au ulikuwa nayo jikoni kwenye ile droo ya vitu vyote. Soma tarehe iliyochapwa ubavuni. Betri inayowasha rimoti ya televisheni vizuri kabisa yaweza kuwa dhaifu kwa king'ora, kwa kuwa king'ora kinataka nguvu nyingi kwa mpigo kinapolia.

Yote hayo yakiwa sawa, tazama umri. Mgongoni pameandikwa tarehe ya kutengenezwa. King'ora cha moshi hupewa miaka 10 kuanzia tarehe hiyo, si kuanzia siku mlipohamia. Cha kaboni monoksidi umri wake ni mfupi zaidi mara nyingi, kati ya miaka 5 na 10 kutegemea aina, na baadhi huandika END kwenye kioo chao. Kilichopita umri kinaweza kulia hata ukikiwekea betri ya dhahabu. Usishindane nacho. Nunua kingine.

Kina waya wa umeme, betri ya nini tena?

Nyumba nyingi za Marekani zilizojengwa miongo ya karibuni zina ving'ora vilivyofungwa kwenye umeme wa nyumba, na ndani yake kuna betri ya akiba. Iko pale kwa sababu moto wenyewe unaweza kukata umeme. Kwa hiyo ile akiba ikichoka, pii inaanza ingawa taa zote za nyumba zinawaka.

Tazama taa ya kijani juu ya kifaa. Ikiwaka, umeme unafika. Badilisha betri ya akiba. Ikiwa imezima, kifaa kinaishi kwa betri peke yake. Nenda kwenye sanduku la breka, zile swichi za kukata umeme wa nyumba, uone kama kuna iliyoruka. Kama breka ni nzima, zima hiyo ya ving'ora, zungusha kifaa ukibandue, na utaona plagi ndogo yenye nyaya tatu nyuma yake. Ibonyeze pembeni uichomoe, uirudishe mpaka ibane. Plagi iliyolegea ni sababu ya kawaida kuliko watu wanavyodhani, hasa baada ya mafundi wa rangi kupita. Zaidi ya plagi usiende. Nyaya zilizo ndani ya dari ni za fundi umeme, na kama umepanga, ni za mwenye nyumba.

Baada ya umeme kukatika na kurudi, vingine hutoa pii kadhaa kisha vikatulia vyenyewe. Visipotulia, visafishe kumbukumbu: zima breka, chomoa plagi, toa betri, shikilia TEST sekunde 15 hadi 20, halafu rudisha kila kitu kwa mpangilio wa kinyume.

Ving'ora hivi huwa vimeunganishwa, kimoja kikinusa moshi vyote hupiga kelele. Pii ya betri, lakini, hutoka kwenye kile kimoja chenye shida.

Kinalia ovyo, bila saa maalumu

Mlio usiofuata mpangilio kwa kawaida ni uchafu. Vumbi, utando wa buibui, au mdudu aliyeingia kwenye chumba cha kunusia. Pitisha mashine ya kuvuta vumbi yenye brashi laini kuzunguka matundu, nje tu. Usikioshe kwa maji, usipulizie dawa ya mende, wala usikipake rangi. Kama mlikuwa mnakwangua ukuta au kukata mbao, vumbi hilo ndilo mshtakiwa wa kwanza.

Mvuke wa bafu nao una lake. King'ora kikae angalau futi 3, karibu mita moja, kutoka mlango wa bafu na matundu ya hewa ya moto au baridi. Gereji na dari za juu zisizopashwa joto hazifai, kwa kuwa vifaa vingi vimeundwa kwa joto la kati ya nyuzi 4 na 38 za Selsiasi.

Kinapayuka kila tunapokaanga au kufukiza udi

Hii si pii, ni kelele kamili, lakini ndiyo inayowafanya watu wetu wakivike mfuko, kwa hiyo siiruki. Sambusa Ijumaa, samaki wa kukaanga Jumapili, chetezo cha udi kabla ya wageni: vyote ni moshi kweli, na king'ora hakina namna ya kujua kwamba ni sherehe.

Ndani kuna teknolojia mbili. Moja hutumia chembe ndogo mno ya amerisiamu-241, dutu yenye mionzi, inayofanya hewa ya ndani ipitishe umeme kidogo. Moshi ukiingia, mkondo huo unapungua na kengele inalia. Hii hushtuka upesi mno kwa chembe ndogondogo za mafuta ya moto na mkate ulioungua. Nyingine hutumia mwale wa mwanga unaopita pembeni ya jicho la kifaa. Moshi ukiutawanya, jicho linauona. Hii huvumilia zaidi jikoni, na huwahi kugundua moto unaofukuta taratibu kwenye godoro au kochi, ingawa mvuke mzito huisumbua. Kwa nyumba inayopika kama yetu, mimi ningechagua ya mwanga kwa king'ora chochote kilicho karibu na jiko, na niweke umbali wa angalau futi 10, yaani mita 3.

Kwa sasa, washa feni ya juu ya jiko kabla mafuta hayajapata moto, fungua dirisha, na chetezo ukipeleke chumba kisicho na king'ora juu yake. Kikilia huku unaona mwenyewe kwamba ni mafuta tu, bonyeza kitufe cha HUSH. Kinapunguza usikivu kwa dakika kama kumi kisha kinarudi kazini chenyewe. Mfuko wa plastiki haurudi kazini. Mtu huusahau, na miezi inapita.

Ukiwa umepanga

Usinyamaze ukidhani utaonekana msumbufu. Mwandikie mwenye nyumba au ofisi ya jengo ujumbe wenye tarehe, si maneno ya mdomo tu, ukieleza kipo chumba gani na kinalia vipi. Sentensi mbili zinatosha. Uingereza, kwa upande wa England, kanuni za mwaka 2015 zinamtaka mwenye nyumba aweke king'ora cha moshi kila ghorofa yenye chumba cha kuishi, na tangu Oktoba 2022 akiarifiwa kwamba ni kibovu analazimika kukitengeneza au kukibadilisha. Marekani sheria hutofautiana kwa jimbo na mji, na mikataba mingi hukuachia wewe kubadilisha betri. Soma wako. Kukibandua kwa makusudi kunaweza kukuletea faini kwenye ukaguzi.

Ukikosa fedha, Msalaba Mwekundu wa Marekani hufunga ving'ora bure katika maeneo mengi, na idara nyingi za zimamoto za Uingereza hufika nyumbani bila malipo kukagua. Unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili.

Kwenye maghorofa mapya ya Nairobi na Dar es Salaam mambo ni tofauti. Kile cha darini mara nyingi hakina betri. Kimeunganishwa na paneli ya jengo zima iliyo chini kwa walinzi. Ukikibandua, paneli hiyo itaandika hitilafu na yenyewe ndiyo itakayoanza kulia. Huko kazi yako ni kumwita msimamizi wa jengo.

Cha zamani kikishatoka darini, toa betri yake au sogeza kile kiswichi cha kuzima cha mgongoni, la sivyo kitaendelea kukuita kutoka kwenye pipa la taka. Usikivunje, hasa chenye amerisiamu. Uliza manispaa yenu wanapokea wapi. Na kipya ukikibandika, andika ubavuni kwa kalamu ya wino mzito mwaka wa kukitoa, halafu bonyeza TEST watoto wakiwa macho, ili wajue sauti ya kukimbia nje ni ipi na ya betri ni ipi.